Waliopewa viwanja na bado wanarudi mabondeni: msongo wa kitamaduni na afya ya akili baada ya maafa

Kila masika yanapokolea Dar es Salaam na Mto Msimbazi ukafurika hadi Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, mjadala uleule huibuka katika daladala, vijiweni na redioni: watu wa mabondeni walishapewa viwanja Mabwepande, kwa nini walirudi? Wapo wanaojibu haraka kwamba ni ukaidi, na wapo wanaosema ni umaskini. Siku hizi, tangu maneno kama kiwewe (jeraha la akili baada ya tukio la kutisha) na sonona (huzuni nzito isiyoondoka) yalipozoeleka katika mazungumzo ya kawaida, limeongezeka kundi la tatu linalosema kwamba watu hao wameathirika kisaikolojia na wanahitaji daktari wa akili. Majibu yote matatu yana chembe ya ukweli, lakini yote yanaliruka jambo ambalo watafiti wa maafa wamelichunguza kwa miongo kadhaa, nalo ni kwamba mtu anayeondolewa kwao na mafuriko au maporomoko hupoteza, pamoja na nyumba, utaratibu mzima wa maisha ambao ndio uliokuwa ukimwezesha kubeba misiba yake.

Maneno yenyewe yanahitaji kuwekwa sawa kwanza. Tunaposema maafa ya asili tunamaanisha tukio kama mvua kubwa, tetemeko au maporomoko ya udongo linapowakumba watu na kuzidi uwezo wao wa kujikimu kwa njia zao za kawaida. Mvua ni ya asili. Maafa hutokea pale mvua hiyo inapokuta nyumba bondeni. Waliolazimika kuhama kwa sababu hiyo lakini wakabaki ndani ya nchi yao huitwa wakimbizi wa ndani, na tofauti yao na wakimbizi tuliowazoea kule Kigoma ni kwamba hawajavuka mpaka wowote, hivyo hubaki chini ya serikali yao wenyewe, ambayo kwa hapa kwetu huongozwa na Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022.

Msongo, kwa upande wake, ni hali ya mwili na akili kubanwa na mambo yanayozidi nguvu za mtu kuyakabili. Huo si ugonjwa. Msongo wa kitamaduni ni aina mojawapo ya hali hiyo, inayotokea pale lugha, kazi, chakula, ibada, heshima na mahusiano aliyokulia mtu yanapokosa nafasi au kukosa maana katika mahali alipo sasa. Mwanasaikolojia wa Canada, John Berry, aliuchunguza kwa muda mrefu kwa watu waliohamia katika jamii nyingine. Katika miaka ya 1980 Maurice Eisenbruch, aliyefanya kazi na wakimbizi kutoka Kambodia, aliongeza wazo la msiba wa kitamaduni: mtu huweza kuomboleza mila, mizimu, ardhi na mpangilio wa maisha kama anavyoomboleza mzazi aliyekufa. Alionya kwamba daktari asiyefahamu hilo anaweza kuyaandika maombolezo hayo kuwa ugonjwa wa akili. Kiwewe na sonona ni vitu vingine tena. Hizo ni hali za kitabibu zenye dalili na muda wake, na nitazirudia baadaye.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: kutoka Jangwani hadi Mabwepande ni takriban kilomita 30, mkoa uleule, lugha ileile na bendera ileile, sasa utamaduni gani uliobadilika? Swali hilo ndilo kiini cha mkanganyiko wote, kwa kuwa tumezoea kudhani utamaduni ni ngoma na mavazi ya kabila. Utamaduni ni pia namna mtu anavyopata unga siku asiyo na fedha, anavyolea mtoto akiwa kazini, na anavyozika.

Tuchukue mvua za Desemba 2011. Zilikuwa mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa jijini tangu mwaka 1954, zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na maelfu ya wakazi wa Bonde la Msimbazi walijikuta wakilala katika madarasa ya shule. Mapema mwaka 2012 Serikali ilianza kuwapeleka Mabwepande, kaskazini mwa jiji, ambako kila kaya iliyotambuliwa ilipewa kiwanja na kuanzia maisha katika mahema. Kwa hesabu ya usalama uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwani pale hawafi maji, na sidhani kuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuwatakia warudi kulala bondeni. Hata mabasi ya mwendokasi, ambayo karakana yake ilikuja kujengwa Jangwani, yameonja maji yale mara kadhaa.

Lakini fikiria maisha ya mama lishe aliyeishi mtaa wa Kigogo, bondeni kwa Msimbazi, kabla ya mafuriko. Asubuhi alitembea kwa miguu hadi sokoni, akachukua maharage na mchele kwa mkopo kwa mtu anayemjua, akauza chakula kwa mafundi wanaomjua, na jioni akalipa. Mtoto alibaki kwa bibi wa nyumba ya pili. Mwezi ukiwa mgumu, jina lake liliandikwa kwenye daftari la mangi mwenye duka na hakuna aliyemdai kwa kelele. Alikuwa kwenye mchezo wa kupeana fedha kwa zamu wa kina mama kumi na kitu na kwenye chama cha kufa na kuzikana, kwa hiyo hata mauti yangemkuta hana senti, alijua turubai litafungwa, mikeka itatandikwa na ubani utachangwa. Alipofika Mabwepande na kiwanja chake mkononi, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomfuata. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ilikula faida yote ya chakula. Duka lilikuwepo, lakini mwenye duka hakumjua, na mkopo hutolewa kwa anayejulikana. Bibi wa nyumba ya pili alipangiwa mbali, au aliondoka zake kwa wanawe Tanga.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Misaada yetu ya maafa hutoa figa moja, yaani kiwanja au nyumba, kisha hushangaa chungu kinapoanguka. Figa la pili ni riziki inayofikika, na la tatu ni watu, wale ambao mtu hahitaji kujieleza mbele yao. Mhamishwaji anayerudi bondeni mara nyingi anajua hatari yake vizuri kuliko sisi tunaomsema. Anachofanya ni kulifuata figa la pili na la tatu, hata kama la kwanza liko kwenye maji. Michael Cernea, mwanasosholojia aliyefanya kazi Benki ya Dunia, aliorodhesha mambo manane yanayowafukarisha watu wanaohamishwa, na mojawapo aliliita kusambaratika kwa jamii, akiliweka sawia na kupoteza ardhi, kazi na makazi. Kwamba mchumi na mpimaji ardhi huyaona yale mengine na kulisahau hili ni jambo la kawaida, kwa sababu halipimiki kwa mita za mraba wala halina hati.

Je, kusambaratika huko kunaugusaje moja kwa moja moyo na akili? Ushahidi mzuri unatoka Japani, nchi ambayo haikosi matetemeko wala kumbukumbu za maandishi. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliupiga mji wa Kobe na kuua zaidi ya watu 6,400. Waliobaki bila makazi walipewa nyumba za muda kwa bahati nasibu, huku wazee na walemavu wakitangulizwa, jambo ambalo kwa juu linaonekana la haki na la huruma. Matokeo yake wazee waliotoka mitaa mbalimbali walikusanywa mahali pamoja bila kujuana, na katika miaka iliyofuata zaidi ya 200 kati ya wakazi wa nyumba zile walikutwa wamekufa peke yao, bila mtu kuwa karibu wakati roho inatoka. Wengi wao hawakuuawa na tetemeko wala njaa.

Baada ya tsunami ya Machi 2011 baadhi ya miji ilijaribu njia nyingine. Katika mji mdogo wa Iwanuma, watafiti walikuwa wamewahoji wazee miezi michache kabla ya maafa kwa sababu nyingine kabisa, hivyo waliweza kuwahoji tena watu walewale baadaye na kulinganisha. Wahanga wengine wa mji huo walihamishwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu, na wengine walihamishwa kwa makundi, majirani pamoja na majirani. Waliohamishwa mmoja mmoja walipunguza kutembeleana na kuzungumza na watu. Waliohamishwa kwa makundi waliongeza. Maafa yalikuwa yaleyale na mji ni uleule. Kilichotofautiana ni namna ya kugawa nyumba. Nadhani habari hii ingepaswa kusomwa na kila afisa anayeshika orodha ya viwanja, kwa maana inaonyesha kwamba orodha ile ni chombo cha afya ya akili hata kama mwenye kuiandika hajawahi kusikia neno saikolojia.

Mfano wa karibu zaidi na sisi, na ambao kwa maoni yangu haujachambuliwa vya kutosha, ni Rufiji. Kwa mkazi wa bonde la Rufiji mafuriko si adui wa kuzaliwa naye. Maji yanapopanda huleta rutuba, na yanaposhuka watu hulima mlau, kilimo kinachotumia unyevu ulioachwa na mto, huku wakilala kwenye madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili kulinda mazao dhidi ya ngiri na viboko. Maisha yote, kuanzia kalenda ya kupanda hadi uvuvi wa mabwawani, yamepangwa kwa kufuata kupumua kwa mto. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamishia wakazi kwenye vijiji vya nyanda za juu. Vijiji vilisimama, shule na zahanati zikajengwa, lakini watu waliendelea kushuka bondeni kulima, wengine kwa miezi mingi ya mwaka, kwa sababu udongo wa juu haukujua kazi waliyoijua wao.

Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakuta watu wa Rufiji na Kibiti mwishoni mwa Ramadhani, wakati kila nyumba ya Kiislamu inajiandaa kwa Idi. Kitaifa, Waziri Mkuu aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili mwaka huo kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Kwa waliokuwa kambini, kuswali Idi katika uwanja wa shule, ukiwa na nguo ulizopewa na huna cha kumpa mgeni, ni jambo linalouma kwa namna isiyoonekana kwenye takwimu za magunia ya unga. Wengine walikuja Dar es Salaam kwa ndugu zao wa Mbagala, mahali ambapo basi la kutoka kusini humshusha mtu akiwa tayari ana shangazi au binamu wa kumpokea. Hao hawakuhesabiwa kambini na hakuna mshauri aliyewafikia. Walipokelewa kwa mikono miwili, lakini sote tunajua usemi wa mgeni siku mbili na jembe la siku ya tatu. Chumba kimoja cha kupanga kinapobeba familia mbili, mwenyeji na mgeni wote huanza kuchoka, na mgeni aliyekuwa na shamba lake na kauli yake hujikuta akiomba ruhusa ya kuwasha jiko.

Kwenye makambi yenyewe yapo mambo ambayo mpangaji wa misaada asiyeuliza hawezi kuyaona. Katika jamii zetu nyingi baba mkwe halali chumba kimoja na mke wa mwanawe, na katika nyingine hata kula pamoja kuna mipaka yake. Darasa moja linapogawiwa kwa familia nne, heshima hiyo huvunjwa kila usiku, na hakuna anayelalamika kwa sababu kulitaja tu ni aibu. Choo kinapokuwa uwanjani bila taa, wanawake hupunguza kunywa maji jioni. Mvuvi hupewa maharage siku thelathini mfululizo. Hakuna moja kati ya haya litakaloonekana kubwa mbele ya mtu aliyefukua maiti, lakini yakikusanyika hugeuka msongo usio na jina, na mtu mwenyewe hushindwa kueleza kwa nini anaamka na hasira.

Hanang, mkoani Manyara, kuna sura nyingine. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka na tope likashuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya karibu kama Gendabi, likaua zaidi ya watu 80. Serikali na wadau walijenga nyumba mpya eneo la Waret, na kwa viwango vyetu vya kushughulikia maafa kazi ile ilikwenda kasi ya kupigiwa mfano. Lakini wakazi wengi wa wilaya ile ni wafugaji na wakulima, na miongoni mwa Wabarbaig mzee mwenye heshima huzikwa kwa sherehe zinazochukua miezi, huku kaburi likijengewa kichuguu kinachobaki kuwa alama ya ukoo. Tope lilipofunika boma na makaburi pamoja, na familia nyingine kukosa mwili wa kuzika, walio hai walibaki na deni ambalo nyumba ya matofali hailipi. Kifo ambacho mwili wake haukuonekana ni kigumu kukiombolezea kila mahali duniani. Pale ambapo mila inataka kaburi lijengwe kwa miezi, ugumu huo huongezeka maradufu.

Ndipo tunapofika kwenye swali la kitabibu: mateso haya ni ugonjwa au si ugonjwa? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu kila mtu anayepitia dharura kubwa hupatwa na dhiki ya moyo kwa kiasi fulani, na kwamba kwa walio wengi dhiki hiyo hupungua kadiri muda unavyopita. Kukosa usingizi wiki ya kwanza, kushtuka kila mvua inapogonga bati, kulia bila kutarajia, kukosa hamu ya kula: hizo ni kazi za akili timamu katika hali isiyo timamu. Anayemwita mtu huyo mgonjwa wa akili anamkosea, na anayempa vidonge vya usingizi kiholela anaweza kumwongezea tatizo.

Hata hivyo, wachache huvuka mstari. Sonona huhesabiwa kwa wiki mbili au zaidi za huzuni au kutojali takribani kila siku, zikiambatana na mambo kama uchovu, usingizi kuharibika, kujiona huna thamani au kutamani kufa. Kiwewe cha kitabibu huhusu tukio linalojirudia akilini kana kwamba linatokea sasa, kukwepa kila kinachokumbusha, na mwili kukaa macho kama mlinzi kwa wiki nyingi, na kwa vigezo vingi hakitajwi kabla ya mwezi mmoja. Maombolezo yanayopitiliza hayapewi jina la ugonjwa kabla ya miezi sita, tena mwongozo wa kimataifa unamtaka daktari apime kwanza kama yamezidi desturi ya jamii ya mgonjwa mwenyewe. Mjane wa pwani aliye ndani ya eda, akiwa amejitenga kwa miezi minne na siku kumi, anafuata dini yake, na hesabu hiyo lazima iingie kichwani mwa anayempima. Alama muhimu kuliko jina la ugonjwa ni kama mtu anaweza kufanya yale aliyokuwa akiyafanya: kupika, kuoga, kulea, kwenda kibaruani, kusalimia.

Ugumu ni kwamba wagonjwa wetu hawaji zahanati wakisema wana sonona. Husema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mgongo unawaka, mwili hauna nguvu, au kwa kifupi kwamba wana mawazo. Hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hupewa dawa, hurudi baada ya wiki mbili na kauli ileile. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kauli za namna hiyo zimeingizwa hata katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 kama njia halali ambazo jamii hutumia kueleza mateso. Mhudumu anayemsikiliza mtu wa Mbagala aliyesema moyo unaenda mbio, akamuuliza umetoka wapi na umempoteza nani, huenda akapata jibu ambalo kipimo cha damu kisingempa.

Kuna wanaoeleza dalili hizo kuwa ni majini au kurogwa, na hapa mabishano huwa makali bila sababu. Mtu aliyepoteza kila kitu hutafuta maelezo ya kwa nini yeye, na maelezo hayo hutoka kwenye utamaduni wake kama ambavyo msamiati wa hospitali unavyotoka kwenye wake. Dua, kisomo, maombi na khitma huwarudisha watu katika mkusanyiko na kuupa msiba mpangilio, na hilo lenyewe ni tiba ya kusambaratika niliyoieleza. Hatari inaanza pale mganga au kiongozi wa dini anapomzuia mtu anayetaka kujiua asifike hospitali, au anapomfunga kamba. Shehe na daktari wanaweza kumhudumia mtu yuleyule wiki ileile, na wapo wanaofanya hivyo kimyakimya.

Dhana nyingine iliyoenea, hasa tangu mitandao ya kijamii ilipofanya ushauri nasaha kuwa jambo la fahari, ni kwamba manusura lazima asimulie yaliyompata ili atoe sumu moyoni. Utafiti umeonyesha kinyume: kikao kimoja cha kumlazimisha mtu asimulie tukio mara tu baada ya maafa hakikingi kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Kinachopendekezwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake ulitolewa mwaka 2011 na mtu yeyote mwenye utulivu anaweza kujifunza. Unaangalia nani yuko hatarini, unasikiliza bila kudadisi, unamuunganisha na anachohitaji, iwe maji, taarifa za ndugu au mtaalamu. Waandishi wa habari wanaomwekea mama kinasa sauti mdomoni na kumuuliza alijisikiaje mtoto alipoponyoka mkononi wangefaa kuusoma mwongozo huo kabla ya kupewa gari la ofisi.

Na watoto? Husemwa kwamba watoto husahau. Mtoto wa miaka saba anayeanza tena kukojoa kitandani, asiyetaka kubaki peke yake, au anayecheza mchezo wa mafuriko kila siku hajasahau. Hana maneno tu. Kinachomsaidia zaidi, kwa kadiri ya uzoefu wa mashirika yanayohudumia dharura, ni ratiba: shule kufunguliwa mapema, hata chini ya mti, chakula kwa saa inayojulikana, na mzazi ambaye mwenyewe amepata wa kumsikiliza. Wanaume nao husahaulika kwa namna yao. Baba aliyekuwa mlishaji na sasa anapanga foleni ya unga huona aibu inayomsukuma kwenye pombe, ugomvi au ukimya, na kwa kuwa halii, hakuna anayemuuliza.

Mwaka 2007 mashirika ya kimataifa ya misaada yalikubaliana juu ya mpangilio wa huduma hizi, ambao huchorwa kama piramidi. Chini kabisa, kwenye kitako kipana, ni usalama na mahitaji ya msingi yanayotolewa kwa heshima. Juu yake ni familia na jamii: kukutanisha waliopotezana, kuruhusu mazishi, ibada, vikundi. Kisha hufuata msaada wa walengwa unaotolewa na wahudumu waliofunzwa kidogo, na kileleni, kwa wachache, ndipo anapokaa daktari wa akili. Mjadala wetu wa hadhara huanzia kileleni. Tunaulizana Tanzania ina madaktari wa akili wangapi, tunataja hospitali za Muhimbili na Mirembe, tunakata tamaa. Uhaba huo ni wa kweli, lakini kitako cha piramidi hakihitaji bingwa. Zimbabwe ilithibitisha hilo kwa ngazi ya tatu: Profesa Dixon Chibanda aliwafunza kina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na wenye mawazo mengi kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Kungwi, bibi na mama wa mtaa wapo Dar es Salaam kwa maelfu, na tayari watu huwaendea.

Haya yote yana uzito wa sasa hivi jijini kwa sababu Bonde la Msimbazi linabadilishwa. Mradi wa uendelezaji wa bonde hilo, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na washirika wengine, umewalipa wakazi fidia na kubomoa nyumba ili kupisha daraja jipya, kingo za mto na bustani. Safari hii watu hawakupelekwa mahali pamoja; kila kaya ilipokea fedha na kutafuta pa kwenda, Chanika, Mbagala, Bunju, Kibaha au kokote. Faida yake ni uhuru, na wengi wameutumia vizuri. Lakini kwa kipimo cha Iwanuma, fidia inayolipwa kaya moja moja humtawanya mtu kama bahati nasibu ilivyomtawanya, na safari hii hakuna kambi wala orodha ya kumpata tena.

Kinachowezekana bado ni kidogo na cha gharama nafuu. Ofisi ya serikali ya mtaa anakohamia mtu inaweza kumuuliza ametokea wapi na kumtambulisha kwa wengine waliotoka huko, badala ya kumwandikia barua ya utambulisho tu. Vikundi vya vikoba na vyama vya kufa na kuzikana vya Kigogo au Jangwani vinaweza kuendelea kupitia simu na kukutana mara moja kwa mwezi, kama vile watu wa mikoa wanavyofanya na vyama vyao vya nyumbani hapa mjini. Afisa ustawi wa jamii wa kata anaweza kupewa orodha ya waliolipwa fidia ambao ni wazee wanaoishi peke yao. Na mtu ambaye wiki zimepita halali, hali chakula au anasema afadhali angekufa, apelekwe kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, Amana au Mwananyamala, akisindikizwa na mtu anayemjua kwa jina.